Kupimwa Kemia Mbele ya Baba

Nikimsimamisha mwanafunzi wa kidato cha sita na kumuuliza swali la kemia, kwanza ataliangalia dari. Sijui nani aliwaambia kwamba majibu yanakaa kule juu. Dari la maabara yetu hapa Ifakara lina alama za maji ya mvua na kiota cha nyigu, na kwa miaka yote niliyofundisha sijaona mtu aliyesoma humo jambo la maana. Baada ya dari atanitazama mimi kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa, kisha atasema, "Mwalimu, nilikuwa nalo, limetoka sasa hivi." Nami humwambia alifuate huko liliko ila asiende mbali, kipindi kinakaribia kwisha.

Napenda kupima watu, sifichi. Wenzangu ofisini husema nilizaliwa na kalamu nyekundu mkononi. Wanasema kwa kunisengenya, nami napokea kama sifa. Jaribio langu huwa Ijumaa asubuhi, kabla mashine ya kukoboa mpunga iliyo nyuma ya ukuta wetu haijaanza kunguruma. Ikianza, lazima atatokea wa kulalamika kwamba imemchanganya hesabu, hata kama karatasi yake ilikuwa nyeupe tangu mwanzo.

Vituko ni vingi. Siku moja niliwapa unga mweupe waupashe moto, wauangalie, wautambue. Wengi waliandika majina marefu ya chumvi, marefu kiasi kwamba nilijua wanatafuta huruma. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mfanyakazi wa mashamba ya miwa aliandika tu kwamba unanukia kama kwao. Ulikuwa sukari. Nilimpa maksi zake, nikamwonya kwamba kwenye mtihani wa taifa pua yake haitakubaliwa kama kifaa cha maabara.

Kinachonipandisha hasira ni kupika majibu. Katika mtihani wa vitendo mwanafunzi anatakiwa kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke, kisha aandike ametumia asidi kiasi gani. Ni kazi ya subira. Vijana wangu hawana subira, ila wana kaka na dada waliotangulia, kwa hiyo jibu la mwaka jana hurithiwa kama shati la sare. Mwanzoni mwa muhula ule ninaotaka kuusimulia, niliipunguza asidi nguvu kwa kuiongezea maji na sikumwambia mtu. Wakaniletea jibu la mwaka jana, meza moja baada ya nyingine, kwa nyuso za watu waliochoka na kazi. Mmoja hata alikuwa anajifuta jasho.

Mtu mmoja tu aliniletea namba ngeni. Alikuwa binti mrefu, mkimya, Msukuma, ambaye kwao ni upande wa Michenga. Alikuja mbele akiwa ameishika karatasi kama mtu aliyeshika kitu kilichovunjika. "Mwalimu, nadhani nimekosea," alisema. "Nimerudia na kurudia, inakuja hivihivi."

Nilimwambia aende akakae, hajakosea. Wengine niliwapa vidonge vyao. Niliwaambia kwamba kutojua nakuvumilia, maana ndiko kunakonipa ugali, lakini mtu akinidanganya maabara hatutaelewana mpaka anamaliza shule. Wakaosha bureti, wakaanza upya, na mashine ya mpunga ikaanza kunguruma bila mtu kulalamika.

Binti yule alitaka kuwa mfamasia. Hakuwa mtu wa kujitangaza, ila niliwahi kuwauliza darasa zima wanataka kuwa nani, na wakati wengine wanataja udaktari kwa sauti ya kutaka makofi, yeye alisema neno hilo moja na kukaa chini. Mwezi Mei wangefanya mtihani wa taifa wa kidato cha sita. Hakukuwa na mwanafunzi niliyekuwa na uhakika naye kama yeye.

Mwezi wa kumi baba yake akaja shuleni.

Niliitwa ofisini kwa mkuu wa shule nikamkuta ameketi, kofia pana juu ya goti, koti la suti, viatu vyenye tope kavu la bondeni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Alihamia bonde hili na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa kabla binti yake hajazaliwa, na sasa analima mpunga pia, ana nyumba ya bati na sola juu yake. Binti mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Mwalimu, hoja yangu ni fupi," mzee alisema. "Nafungua duka la pembejeo pale senta kwetu. Dawa za kupe, dawa za mpunga, mabomba ya kupulizia. Duka kama lile linataka mtu anayeweza kusoma chupa na kujua kilichomo. Huyu amesoma hiyo kemia yenu miaka mingi. Kama anaijua, basi inatosha, aje dukani. Kama haijui, mmempotezea muda, aje dukani."

Niliitafuta njia ya tatu katika maneno yale, sikuiona. Nikamgeukia mkuu wa shule. Mkuu wetu ni mtu wa maneno mengi kwenye mstari wa asubuhi, anaweza kuzungumzia soksi mpaka jua likawaka. Siku hiyo alikumbuka ghafla kwamba ana kikao. "Mwalimu wa kemia atalishughulikia," alisema, akachukua funguo zake na kutuacha.

Nilianza kueleza habari za vyuo vikuu. Mzee alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpime mbele yangu. Nataka nione hicho alichonacho. Na umpime kwa lugha ninayoisikia, maana huyu nikimuuliza nyumbani ananijibu Kiingereza, nami sijui kama ananijibu au ananifukuza."

Tukaenda maabara. Njiani nilijaribu kupiga hesabu na kila nilivyopiga ilikataa. Akifaulu anaondoka, akishindwa anaondoka. Nilikuwa na hasira na baba yule, na nilichukia zaidi kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliuliza njiani kama binti anakula vizuri. Tulipoingia aliulizia hata nyigu wa darini, kama wanang'ata watoto.

Nilianza na kazi ya mikono, nikidhani macho hayahitaji lugha. Binti akajaza bureti, akapima myeyusho kwa pipeti, akaweka matone ya kiashiria, akaanza kudondosha. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Rangi ya waridi ikafifia, ikatoweka kwa tone moja, naye akafunga koki palepale. Mimi nilitamani kupiga makofi.

Mzee akasubiri. "Halafu?" akauliza.

"Halafu ndiyo mwisho, mzee. Rangi imepotea."

"Nimeona imepotea. Nilifikiri ndiyo mnaanza."

Basi nikaingia kwenye maelezo. Nikamwambia binti aeleze asidi ni nini. Akasimama wima na kuitoa maana yote kwa Kiingereza, bila kukosa hata nukta, kama tulivyowafundisha wote kuitoa. Baba yake akamwangalia, akaniangalia mimi.

"Kwa Kiswahili," nikasema.

Nikaona macho ya binti yanaanza kupanda kwenye dari, yeye ambaye hakuwahi kulitazama. Nikaingilia kati ili nimsaidie, na hapo ndipo nilipogundua kwamba na mimi sina pa kushika. Nimefundisha asidi maisha yangu yote ya kazi, na kwa Kiswahili nilichoweza kusema ni kwamba asidi ni kitu kinachotoa protoni.

"Kinampa nani?" mzee akauliza.

"Kinaipa besi."

"Kwa nini kiipe?"

Hilo ni swali ambalo wanafunzi wangu hawaniulizi, wanajua litaingiza kila mtu matatizoni.

"Na huyo besi akishapewa, harudishi?"

"Anaweza kurudisha," nikasema. "Kuna asidi dhaifu, zenyewe kunakuwa na kupeana na kurudishiana." Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesimulia ugomvi wa majirani.

Binti akacheka. Ilimtoka tu, akaziba mdomo. Kisha akamgeukia baba yake na kuanza kuongea Kisukuma.

Mimi kwetu ni Mahenge, lugha ya mama yangu ni Kipogoro. Kisukuma ninachojua ni kile cha kumwamkia mtu mwangaluka na kuitikiwa kwa furaha, basi. Nikakaa kwenye stuli yangu mwenyewe, ndani ya maabara yangu mwenyewe, nikiwa mtahini asiyejua mtahiniwa anasema nini. Nilidaka neno asidi, neno protoni, nikadaka na ng'ombe, nikashtuka, maana ng'ombe hawamo kwenye muhtasari wa kidato cha sita. Baada ya muda mzee alianza kuitikia kwa kichwa. Akauliza, akajibiwa. Akapinga, akaelezwa tena, mikono ya binti ikionyesha kitu kinatoka huku kinakwenda kule.

"Anasema nini?" nikashindwa kuvumilia.

"Anasema ni kama ninavyompa mtu ng'ombe amtunze," mzee alinieleza, taratibu, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi wa nyuma. "Anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wangu. Mwingine ukimpa hamrudishi mpaka mkutane kwa mtendaji. Huyo ndiye besi mwenye nguvu."

Nikasema ni sawa. Kwa kweli ilikuwa sawa kabisa, na nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja.

Mzee sasa alikuwa amevua kofia na kuiweka mezani karibu na bureti. "Hii asidi," akauliza, "ndiyo ile ya kwenye betri?"

"Ni ndugu yake," binti akajibu kwa Kiswahili. "Ya kwenye betri ni kali zaidi."

"Betri yangu ya sola imekufa. Unaikumbuka ile kubwa. Haishiki moto hata kidogo."

"Uliiongezea maji, baba?"

"Niliongeza. Yalikuwa yamepungua."

"Maji gani?"

Nikawaona wamebadilishana viti bila mtu kuinuka.

"Maji," akasema. "Ya kisima. Maji si maji?"

"Baba!" Binti alimwita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia darasani, sauti ya mtu wa nyumbani, akaanza tena Kisukuma, kwa kasi, na safari hii alichukua chaki akachora ubaoni sanduku lenye mabamba ndani. Nilielewa kwa kuangalia mchoro. Alikuwa anamweleza kwamba maji ya kisima yana chuma na chumvi zake, kwamba vitu hivyo havikai kimya ndani ya betri bali vinayashambulia mabamba ya risasi, na kwamba ndiyo maana dukani wanauza maji yaliyosafishwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mzee alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti. Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma muda mrefu na sikuwa nimeisikia ikianza.

Alipomaliza, baba yake alikaa akiuangalia ubao. Kisha akauliza kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Sasa, mayu, betri kama ile inafufuliwaje?"

Mayu ni mama, ndivyo wengi wao wanavyowaita binti zao wakiwa wamewapenda. Binti aliiweka chaki chini. Aliangalia mchoro wake, akapangusa vumbi la chaki vidoleni, hakuharakisha.

"Hapo hatujafika, baba," alisema. "Hiyo ya kufufua betri tutafundishwa muhula ujao."

Mzee akanigeukia. "Kweli, mwalimu?"

Mada ya betri nilikuwa nimeimaliza majuma machache kabla ya siku hiyo. Niliifundisha kwa mbwembwe, nilikuja hata na betri ya pikipiki iliyopasuliwa. Nilitoa jaribio, na swali moja lilikuwa karibu sawa na hilo la mzee. Binti yule alijibu kwamba betri ikiharibika mabamba kwa namna hiyo haifufuki, akaeleza sababu, nikampa maksi zote na kuwasomea wenzake jibu lake. Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote mle ndani, na alikuwa amesimama mbele yangu akiniambia kwamba hajui, yeye aliyeniletea namba ngeni wakati darasa zima linapika.

Hakuniangalia. Kama angeniangalia kwa kuniomba, pengine ningechanganyikiwa. Alikuwa anaifuta bureti kwa kitambaa, mikono imetulia vilevile.

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Muhula ujao."

"Sasa mnamkatiaje mtu habari katikati?" Alikasirika kweli, au niliona hivyo. Aliinuka, akachukua kofia, akaupiga jicho ule ubao kama mtu aliyeuziwa redio isiyo na betri. "Mtu anaelezwa mpaka inanoga, halafu muhula ujao!"

"Ndiyo utaratibu wa serikali," nikasema, maana nilikuwa nimeshaanza na sikuona pa kusimamia.

Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. "Basi abaki mpaka hapo pa betri. Duka nitamweka binamu yake kwanza. Ila hapo pa betri, mwalimu, asiparuke."

Nikamsindikiza hadi kwenye pikipiki yake. Nilirudi maabara nikiwa nimekunja uso vya kutosha, nikamkuta binti anaosha pipeti.

"Betri ya namna ile inafufuka?" nikamuuliza.

"Haifufuki, mwalimu."

"Kwa nini?"

Akanieleza, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili kilichonyooka, na pale palipokosa neno alitumia la ng'ombe. Nilimsikiliza nikiwa nimempa mgongo, najifanya napanga chupa, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka ayaone.

"Na muhula ujao baba yako akiuliza?"

"Utakuwa unatufundisha, mwalimu," akasema. "Polepole."

Ikawa hivyo. Kuanzia Januari mzee alikuwa ananipigia simu, mara nyingi Jumapili mchana. Salamu kwanza, za nyumbani, za kazi, mvua huko mjini vipi, kisha, "Mmefika kwenye betri?" Nami nikamjibu bado kidogo. Aprili mto ulipofurika na barabara yao ikawa maji, alipiga akiwa juu ya kichuguu alikopata mtandao, akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tunakaribia. "Mnakwenda kama konokono," alisema. Nikasema somo ni gumu. Kila nilipokata simu nilijiambia kwamba mwanamke mzima, mwenye shahada, anamdanganya mzee wa watu kuhusu betri, na kila Jumapili nilirudia.

Mwezi Mei, jioni ya siku walipomaliza karatasi ya mwisho, simu yake ikaingia.

"Wamemaliza, mwalimu?"

"Wamemaliza, mzee. Salama kabisa."

"Mungu ni mwema."

Nikaona sasa hakuna duka litakalomrudisha nyuma, nikajikaza. "Mzee, kuhusu ile betri yako. Samahani sana, lakini haitafufuka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ile? Ile niliwapa watu wa chuma chakavu kabla sijaja kwenu. Fundi wa hapo mjini alishaniambia imekufa, nisihangaike."

"Sasa ulimuuliza ya nini?"

"Si nilisema apimwe? Wewe ulipima yako, na mimi nikapima yangu."

"Akakujibu kwamba hawajafika."

"Mwalimu, yule mtoto anasoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua. Betri iliyotufia ndani ya nyumba, asijue?" Nilisikia pikipiki zikipita alipokuwa. "Hajawahi kunidanganya, hata akiwa mdogo. Aliponidanganya siku ile nikajua anataka kusoma kiasi gani."

Nikamuuliza anaendeleaje na duka. Akasema linakwenda, binamu anasomasoma chupa kwa kubahatisha, wateja wanamvumilia. Kisha akaniomba nimwambie binti afunge sanduku lake na atoke getini, kwa sababu yeye alikuwa ameshafika, amesimama pale nje na mvua ilikuwa inaanza.